Habari za Nyumba za Vioo za Palo Alto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Halmashauri imeniagiza niseme jioni hii juu ya makazi, kwa kuwa neno la nyumba ndilo lisilokwisha vinywani mwetu kila tukutanapo. Nami nimefikiri kwamba juu ya nyumba zetu wenyewe kila mmoja aliyeketi hapa aweza kuhutubu kwa ufasaha kunishinda, tena bila karatasi mkononi. Kwa hiyo nimependa kuwachukua mbali, hata pwani ya magharibi ya Marekani, jimbo la California, katika mji uitwao Palo Alto, jirani na Chuo Kikuu cha Stanford. Huko, vita kuu ya pili ilipokwisha, ilijengwa mitaa ya nyumba za namna mpya, na watu husafiri kwenda kuitazama hata leo. Habari za mitaa hiyo zimo ndani yake mambo ambayo mtu wa kazi ya kalamu na faili atayafahamu upesi kuliko hata fundi wa kujenga.

Mtu akionyeshwa nyumba nzuri huuliza kwanza ni nani aliyeichora. Nitawajibu swali hilo. Lakini nawaomba mweke akiba swali la pili, nalo ni hili: ni nani aliyepiga muhuri?

Mwenye kuijenga mitaa hiyo alikuwa Joseph Eichler, aliyezaliwa New York mwaka 1900. Hakuwa fundi wala mchora ramani. Sehemu kubwa ya utu uzima wake aliishika kazi ya hesabu na uongozi katika biashara ya siagi na mayai ya jamaa za mkewe, na yamkini angalizeeka humo. Mwaka 1943 alipanga nyumba huko Hillsborough, iliyochorwa na msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright na kujengwa kiasi cha miaka mitatu kabla. Kuta za nyumba ile hazikukutana kwa pembe za mraba kama tulivyozoea, bali ramani yake yote ilifuata umbo la pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Eichler alikaa humo muda wa kama miaka miwili, hata nyumba ikauzwa, ikambidi kuhama. Alihama mwili, lakini moyo wake ulibaki pale. Akawa akijiuliza kwa nini nyumba ya namna ile iwe ya tajiri peke yake.

Mwaka 1947 akaanza kujenga nyumba za kuuza. Zile za kwanza zilikuwa nyumba za kawaida, hazina la kusimulia. Mwaka 1949 ndipo alipomwendea msanifu Robert Anshen ili amchoree ramani. Hayo yalikuwa mageni katika biashara ile, kwa sababu wajenzi wa nyumba nyingi wakati huo walinunua ramani moja iliyokwisha kutumika, wakaipiga chapa uwanja mzima, mithili ya sisi tunavyopiga nakala za waraka. Baadaye akawaongeza A. Quincy Jones na Frederick Emmons wa Los Angeles, kisha Claude Oakland. Jones alikutana na Eichler kwa sababu ya gazeti la wasanifu, ambalo katika toleo la Desemba 1950 liliisifu nyumba ya mmoja na mtaa wa mwingine. Tangu hapo hata katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Eichler ilijenga nyumba kama 11,000, na karibu zote zilikuwa upande wa kaskazini wa California.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe ilivyo, maana nisipoieleza hamtajua kwa nini watu waliigombania.

Ardhi husawazishwa kwanza, kisha mabomba membamba hulazwa yakizunguka huku na huku kama nyoka, na zege humwagwa juu yake. Mabomba hayo hupitisha maji ya moto, hata sakafu yote ikawa vuguvugu, na mtoto akitambaa wakati wa baridi asidhurike. Juu ya sakafu husimamishwa nguzo za mbao kwa safu, na juu ya nguzo hulazwa boriti nene zionekanazo ndani na nje. Hapo ndipo penye siri ya nyumba hizi. Katika nyumba nyingine ukuta ndio ubebao paa, nawe ukitaka dirisha kubwa waogopa kwamba paa litakushukia. Hapa nguzo na boriti zabeba uzito wote, ukuta umekuwa kama pazia tu. Basi wasanifu wakauondoa ukuta wa nyuma kabisa, wakatia vioo toka sakafu hata dari. Aliyeketi ndani aona bustani yake kama kwamba ni chumba kimojawapo. Hapana dari ya kuficha kenchi, wala kenchi zenyewe hazipo. Mbao za paa zaonekana zilivyo, na kuta za ndani zilifunikwa kwa mbao nyekundu zilizotoka Ufilipino, zisizopakwa rangi.

Upande wa njia mambo ni kinyume. Mpita njia haoni ila mbao, mlango wa gari na paa lililolala karibu bapa. Wako Wamarekani walionung'unika kwamba nyumba hizi zimewapa watu kisogo. Nadhani wenyeji wa pwani yetu hawatashangaa sana, kwa maana nyumba za mawe za Lamu nazo humwonyesha mgeni ukuta na mlango, ilhali mwanga na hewa vimo ndani, kiwandani. Sisemi kwamba Wamarekani walijifunza kwetu, maana sina ushahidi wa neno hilo na wala silidai. Lakini karibu na mwaka 1958 Eichler alianza kuuza nyumba zenye uwanja wa wazi katikati, usioezekwa, vyumba vikiuzunguka kwa vioo. Nao ulipendwa kupita mengine yote.

Mitaa nayo haikukatwa kwa kamba kama mistari ya daftari. Katika mtaa wa Greenmeadow, ulioanzwa mwaka 1954, barabara zimepindwa na nyingine hukoma bila kutokea popote, ili magari ya wapita njia yasipate faida ya kuingia. Katikati waliwekewa wakaaji nyumba ya mikutano, bwawa la kuogelea na shule ya watoto wadogo, vyote vikiwa mali yao wenyewe kwa njia ya chama chao. Hili napenda mlitie moyoni kuliko habari za vioo. Vioo huvunjika, lakini chama kile kiko hata leo.

Nisiwadanganye kwamba hazikuwa na kasoro. Vita vya Korea vilipofanya shaba kuwa adimu, kati ya mwaka 1950 na 1953, baadhi ya nyumba zilitiwa mabomba ya chuma badala ya shaba, nayo yaliliwa na kutu ndani ya zege, mahali ambapo fundi hawezi kufika bila nyundo. Mapaa bapa yalivuja. Vioo vya tabaka moja vilileta joto kali kiangazi na baridi wakati wake. Mbao zile nzuri hushika moto kwa upesi wa kutisha. Ni nyumba zitakazo mwenyewe azipende kama mtu apendavyo saa ya zamani, ambayo kila mwezi yamrudisha kwa fundi.

Baadhi ya zile za kwanza zilizochorwa na Anshen ziliuzwa kwa bei iliyokuwa chini ya dola 10,000. Mwalimu, karani, au askari aliyerudi vitani hakuwa nazo mfukoni. Alizipataje? Hapa ndipo tunapolifikia swali la muhuri.

Zamani mtu wa Marekani aliyetaka mkopo wa nyumba alitakiwa atoe sehemu kubwa ya bei kwanza, na deni alilipe kwa miaka michache. Mwaka 1934 Serikali Kuu ilianzisha Idara ya Nyumba, ijulikanayo kwa herufi FHA. Idara haikukopesha fedha, iliweka dhamana. Iliiambia benki: mpe mtu huyu asilimia 80 ya bei, naye alipe kwa miaka 20, na akishindwa sisi tutalipa. Kwa njia hiyo watu wa mshahara wa kati waliweza kuwa na nyumba zao. Lilikuwa jambo jema, na sitalidharau. Lakini mwenye kuweka dhamana hutaka kujua hatari yake, basi Idara ilitunga kitabu cha kuwaongoza wapimaji wake. Katika kitabu hicho, kama kilivyotolewa mwaka 1938, mpimaji alifundishwa kwamba mtaa ukitaka kudumu katika thamani yake ni lazima ukaliwe na watu wa taifa na daraja moja, na ilisifiwa hati ya nyumba iliyoandikwa masharti ya kuwakataza watu wa rangi nyingine kukaa humo. Nyumba za umbo geni nazo zilihesabiwa kuwa za hatari, zikapunguziwa alama. Mjenzi aliyetaka paa bapa na jirani Mweusi kwa pamoja alikuwa amejitafutia mashaka mawili.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Hapana sheria iliyopitishwa na Baraza la Marekani iliyosema kwamba mtu Mweusi asinunue nyumba karibu na Stanford. Palikuwa na kitabu cha ofisini, fomu ya kujaza, na safu ya alama. Naamini wengi wa makarani walioijaza fomu ile walikuwa watu wapole, wenye kwenda kanisani, wasiomchukia mtu. Walifuata kitabu. Sisi twazijua kazi za namna hiyo, na sina haja ya kuongeza neno.

Yaliyotukia kwa ajili ya kitabu hicho yaonekana wazi katika habari ya Ladera. Baada ya vita watu wa Palo Alto na Stanford waliunda chama cha ushirika, Peninsula Housing Association, ili wajijengee mtaa wenyewe. Miongoni mwao alikuwa Wallace Stegner, mwandishi wa hadithi na mwalimu wa uandishi katika chuo kile. Walinunua shamba la eka 260 lililopakana na ardhi ya chuo, wakakusudia kujenga nyumba 400. Ramani zilichorwa na John Funk na Joseph Allen Stein, na bustani zikapangwa na Garrett Eckbo, wote watu wa usanifu mpya. Jamaa 150 za kwanza zilipojiandikisha, 3 kati yao walikuwa Weusi.

Benki zilikataa kukopesha bila dhamana ya Idara, na Idara ilikataa kuweka dhamana kwa chama chenye wanachama Weusi. Halmashauri ya chama iliwashauri wanachama wasikubali kulegeza. Ndipo mkutano ulipoitishwa mwezi wa Januari 1948, ikapigwa kura juu ya shauri la kati, yaani wanachama Weusi wasizidi kiasi chao katika watu wote wa California. Waliokubali walikuwa 78, waliokataa 75.

Wako wawalaumuo wale 78. Mimi naona ni vigumu kuwahukumu kwa ukali, kwa kuwa akiba yao ilikuwa imekwisha zikwa katika shamba lile, na watoto wao walikuwa wakilala katika vyumba vya kubanana. Lakini fanyeni hesabu kama wafanyavyo watunza vitabu. Walitoa nini, nao walipata nini? Walitoa neno walilokuwa wameahidiana, na Idara haikuwapa dhamana. Haikutaka wachache, haikutaka hata mmoja. Mwaka 1950 chama kilivunjwa na ardhi ikauzwa kwa mjenzi wa biashara, aliyepewa mapatano na Idara kwa sharti la kutowauzia Weusi. Naye alijenga nyumba, na Ladera ikawa mtaa wa Wazungu. Stein aliiacha California, akaenda India mwaka 1952 kufundisha usanifu. Na mwenye kufika Delhi aweza kuiona India International Centre, aliyoijenga huko, iliyofunguliwa mwaka 1962.

Yafaa niseme kwamba miezi michache tu baada ya kura ile, mwezi wa Mei 1948, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatia nguvu masharti ya rangi yaliyo katika hati za nyumba. Mtu angefikiri kwamba Idara ingeacha mara moja. Haikuacha. Ilitangaza kwamba haitaweka dhamana kwa hati mpya zenye masharti hayo kuanzia tarehe 15 Februari 1950, na hata baada ya hapo iliendelea kuwasaidia wajenzi wasiowauzia Weusi, mradi sharti lisiandikwe. Hukumu hufika kwa siku moja, lakini tabia ya ofisi huondoka kwa miaka.

Katika nafasi hiyo nyembamba ndipo Eichler alipopita. Kwa kuwa kampuni ilikuwa yake, hakuhitaji kura ya mtu. Katika miaka ya 1950 alianza kuwauzia watu wa asili ya Asia, kisha watu Weusi, bila kupiga mbiu na bila kuomba ruhusa. Yasimuliwa kwamba wakaaji walipomjia kulalamika kuwa thamani ya nyumba zao itaanguka, aliwajibu kwamba ikianguka yeye ndiye atakayepata hasara kubwa kupita wote, kwa kuwa ana nyumba nyingi zisizouzwa bado. Na asiyependa jirani yake alikuwa tayari kuinunua nyumba yake tena. Na mwaka 1958 alijiuzulu katika chama cha taifa cha wajenzi wa nyumba, kwa sababu chama hicho kilikataa kuunga mkono kanuni ya kuuza bila ubaguzi.

Nisimvike taji lisilo lake. Alikuwa mfanya biashara, akiuza ili apate faida, na jamaa za Weusi zilizoingia katika mitaa yake zilikuwa chache. Mlango ulifunguliwa, lakini waliokuwa wamenyimwa mikopo muda mrefu hawakuwa na akiba ya kuvuka kizingiti. Hata hivyo naona jambo moja halina budi kusemwa. Wajenzi wengine walisema kwamba haiwezekani, naye alifanya katika mji uleule, chini ya Idara ileile.

Ng'ambo tu ya barabara kuu, katika East Palo Alto, yalikuwa yakitendeka mengine. Mwaka 1954 mwenyeji mmoja aliuza nyumba yake kwa jamaa ya Weusi. Mara rais wa chama cha mawakala wa nyumba wa California alifungua ofisi pale, mawakala wakaeneza hofu ya kwamba Weusi wanamiminika na bei zitaanguka. Wazungu waliuza kwa hasara, na mawakala waliwauzia Weusi nyumba hizohizo kwa bei ya juu. Ndani ya miaka 6 wakaaji wa East Palo Alto walikuwa Weusi kwa asilimia 82. Mtaa wa Eichler na ule wa pili haukutenganishwa na mwendo mrefu. Mtu wa baiskeli afika upesi.

Sheria zilikuja baadaye, na nitazipita kwa haraka. Rais Kennedy alitoa amri mwaka 1962 ya kukataza ubaguzi katika nyumba zisaidiwazo na Serikali Kuu. California ilitunga sheria yake mwaka 1963, raia wakaiondoa kwa kura mwaka 1964, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaitangua kura hiyo mwaka 1967. Mwaka 1968 ikaja sheria ya taifa zima.

Eichler mwenyewe alikuwa amekwisha anguka. Aliiacha kazi aliyoijua, ya nyumba za chini zenye bustani, akaingia San Francisco kujenga maghorofa marefu, na gharama zilimshinda. Kampuni ilifilisika mwaka 1967. Minara miwili aliyoijenga huko Visitacion Valley ilibomolewa kwa baruti mwaka 1998. Alifariki mwaka 1974.

Nyumba zake za chini zilidumu. Mitaa ya Green Gables na Greenmeadow iliandikwa mwaka 2005 katika orodha ya taifa ya mahali pa historia. Wakaaji wamepata pia kanuni za mji za kuzuia ghorofa katika baadhi ya mitaa, kwa sababu nyumba ya vioo yenye jirani aliyejenga juu haina faragha tena. Na nyumba iliyolipiwa na mwalimu kwa mkopo wa miaka mingi sasa huuzwa kwa dola zaidi ya milioni mbili. Mwalimu wa leo aipita kwa nje.

Yamebaki maneno ya zile hati. Masharti ya rangi hayana nguvu, lakini yangali yameandikwa katika vitabu vya msajili, na mtu anunuapo nyumba aweza kuyakuta katika karatasi anazotia sahihi. Mwaka 2021 California ilitunga sheria ya kuwaagiza wasajili wote wa wilaya wayatafute na kuyafuta. Katika wilaya ya Santa Clara, ulimo mji wa Palo Alto, kurasa zilizotakiwa kusomwa zilikuwa zaidi ya milioni 5, zilizoandikwa toka mwaka 1902 hata 1980, kazi ambayo ingewachukua makarani maisha yao. Wataalamu wa Stanford waliwasaidia kwa mashine ya kompyuta iliyofundishwa kusoma, nayo ilitoa hati kama 7,500. Mashine huonyesha ukurasa tu. Wakili wa wilaya huutazama na kukubali, kisha karani wa ofisi ya msajili hupitisha mstari mweusi juu ya maneno yale, na hati husajiliwa upya.

Mwenye swali na aulize.